Rubani aliyetoweka: hajulikani alipo au hajulikani aliko?

Msomaji anauliza: "Katika habari za vita nimekutana na rubani wa ndege ya kivita 'aliyekosekana katika hatua'. Je, hicho ni Kiswahili sahihi, au ilipasa kuandikwa 'aliyepotea vitani'?"

Hicho si Kiswahili, bali ni Kiingereza "missing in action" kilichotafsiriwa neno kwa neno. Hatua, neno lenye asili ya Kiarabu, ni nafasi inayopigwa na mguu, na kwa kupanuka maana ni jambo linalofanywa ili kuondoa tatizo. Mapigano hayajawahi kuitwa hatua. "Aliyepotea vitani" kunaeleweka, ingawa anayepotea kwa kawaida huwa ameikosa njia, na rubani aliyetunguliwa njia alikuwa akiijua. Andika "aliyetoweka vitani", na swali lako litakuwa limekwisha.

Kinachoniudhi zaidi, na ambacho wewe hukukiuliza, ni sentensi inayofuata karibu kila habari ya aina hiyo: "Mpaka sasa hajulikani alipo." Kiswahili kimetupa po kwa mahali mahsusi, ko kwa mahali pasipo dhahiri na mo kwa ndani. Ndiyo maana mtu huuliza "Yuko wapi?" na kujibiwa "Yupo hapa": muulizaji hana mahali anapopaona, mjibuji anapaonyesha kwa kidole. Mwandishi anayesema rubani hajulikani alipo anaonyesha kwa kidole mahali ambapo, katika sentensi hiyohiyo, anakiri kwamba hapajulikani.

Mchukue Michael Scott Speicher, rubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliyeruka kutoka manowari ya kubebea ndege Saratoga na kutunguliwa nchini Iraki tarehe 17 Januari 1991, usiku wa kwanza wa mashambulizi ya angani ya Vita vya Ghuba. Mwezi Mei mwaka huo alitangazwa kuwa ameuawa. Januari 2001 hadhi yake ikabadilishwa, akahesabiwa miongoni mwa waliotoweka. Oktoba 2002 ikabadilishwa tena, akawa aliyetoweka akidhaniwa kuwa ametekwa. Wakubwa wake hawakuwa wakicheza na maneno, kwa sababu aliyeuawa huombolezwa, ilhali aliyetekwa hudaiwa kwa aliyemteka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kusema kama yumo gerezani, yuko kijijini kwa watu waliomficha, au amelala mchangani. Hali kama hiyo ndiyo iliyoundiwa ko: hajulikani aliko. Silabi hiyo moja inawaachia jamaa zake upana wote wa kutojua, na kuwabadilishia kwa po ni kuwapunguzia jambo ambalo wao wanalibeba zima.

Najua kwamba "hajulikani alipo" imekwisha kuzoeleka, na mtu akiniambia hajui alipo mwenzake aliyetoka chumbani dakika tano zilizopita, sitamsahihisha; wote wawili wanajua kwamba hayuko mbali. Kwa rubani aliyetoweka vitani sikubali.

Mabaki ya Speicher yalipatikana mwaka 2009 katika jangwa la mkoa wa Anbar, yakatambuliwa kwa taya na meno. Siku hiyo, baada ya miaka 18, ndipo mwandishi alipopata haki ya kuandika po: pamejulikana alipokuwa.