Kubadilisha milango ya vyumbani bila fundi

Ndugu yangu, umesema fremu zako za mninga bado ni nzima, ila milango mitatu ya vyumbani imechoka, na unauliza kama unaweza kuibadilisha mwenyewe. Unaweza kabisa. Kazi ngumu ni ya fremu. Kama imenyooka, umebakiwa na kuning'iniza mlango tu.

Usiamini kwamba fremu zote zinalingana. Pima upana juu, katikati na chini, kila chumba peke yake. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 pembeni na juu, na kama 10 chini, zaidi ukiwa na zulia.

Mlango wa zamani usiutupe kwanza, huo ndio kipimo chako. Ulaze juu ya mpya, linganisha kwa juu, chora mahali pa bawaba kwa penseli iliyochongwa vizuri. Hapo kwenye bawaba ndipo watu wengi huharibu: chimba kwa patasi kina cha unene wa bati la bawaba, basi. Ukizidisha, mlango utabana upande wa bawaba na kukataa kufunga. Toboa vitundu vyembamba kabla ya skrubu, mbao isipasuke.

Milango mingi ya flashi, ile bapa iliyofunikwa plaiwudi pande zote mbili, ina uwazi ndani, kwa hiyo randa kidogo kidogo tu kingoni. Na tafadhali, paka rangi hata kingo za juu na chini. Masika yakifika, zisizopakwa hunywa unyevu na mlango unakwama.