Maswali ya Wasomaji: Wakubwa Huzidiwa au Huachia?

SWALI: Assalaamu alaykum, ndugu Mhariri. Kila Julai, mimi na wenzangu wa barazani hufuatilia mbio za baiskeli za Tour de France. Tumebishana sana juu ya hatua ya mpito yenye vilima: mmoja anasema wakubwa, yaani wanaowania ushindi wa jumla, huzidiwa siku hiyo, mwengine anasema huwaachia wengine kwa makusudi. Yupi mkweli, na mshindi hubashiriwa vipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Hatua ya mpito ni ile inayowavusha waendeshaji kutoka safu moja ya milima hadi nyengine, kama vile kutoka Pyrenees kwenda Alps, na njia yake hupanda na kushuka mfano wa barabara zenu za Pemba, ila vilima vyao ni virefu zaidi. Mkweli ni huyo wa pili. Mbio zina hatua 21, kila moja ya siku yake, na jezi ya njano huvaliwa na mwenye jumla ndogo kabisa ya muda; kwa hiyo mtu aliyekwisha kuachwa nyuma kwa dakika 40 akichomoka mbele ya kundi hamtishi kiongozi, ambaye timu yake huona bora kuweka akiba ya nguvu kwa ajili ya milima inayokuja. Kufukuza ni kuwakatia wengine upepo, na aliyewahi kuendesha baiskeli akipingana na kusi anaijua gharama yake.

Basi msianze kwa kuuliza nani ana nguvu. Ulizeni nani ataachiwa, na nani ana sababu ya kumfukuza. Tarehe 17 Julai 2015, hatua iliishia Rodez kwenye kilima cha mita 570 tu, chenye mwinuko wa karibu asilimia 10. Kilima kifupi hivyo huwafaa wenye kasi ya kumalizia, kwa hiyo timu zao zilifukuza hadi zikawanasa waliotangulia karibu na mwisho, na Greg Van Avermaet akampiku Peter Sagan. Kesho yake, hatua ikiishia mji wa Mende, mwinuko ulikuwa ule ule lakini kwa kilomita 3, mrefu mno kwa watu wa aina hiyo, na waliochomoka wakaachiwa.

Wafaransa wawili, Thibaut Pinot na Romain Bardet, walitangulia kufika kileleni, wakaanza kutegeana. Steve Cummings, aliyekuwa nyuma yao, akawapita kwa kasi kwenye sehemu tambarare ya kiwanja cha ndege, mwisho wa hatua, akaipa ushindi MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini, Siku ya Mandela (nakiri kuwa nilishangilia). Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifika zaidi ya dakika 4 baadaye, na jezi ya njano akabaki nayo.

Jambo moja zaidi: msisubiri jioni ndipo muwashe televisheni. Vita vya kuwania kuchomoka hupiganwa mwanzoni mwa safari, ambako kwa saa zetu ni baada ya adhuhuri, na mara nyingi huwa vikali kuliko vya kumalizia.