Hereni kali, macho yamelala: yaliyonikuta na 85mm ya f/1.4

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini picha zako za sura kwa f/1.4, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, zinatoka sikio kali na macho yamefifia, na kama uirudishe hiyo 85mm dukani kwa kuwa ni mbovu. Subiri kwanza kuirudisha. Mimi ya kwangu niliirudisha, wakaikagua, wakaniambia lenzi nzima. Wa kukaguliwa alikuwa mimi.

Picha iliyonizindua ilikuwa ya shangazi yangu, ameketi karibu na dirisha, uso ameugeuza kidogo. Kwenye kioo cha kamera niliiona picha ya kutia kwenye fremu kabisa. Nimefika kwenye kompyuta, nikaikuza, hereni ikaonekana mpaka mkwaruzo ulio kwenye ndoano yake, vinyweleo vya shavu upande wa sikio unavihesabu kimoja kimoja, lakini macho utadhani nimeyapiga kupitia kioo kilichopakwa mafuta. Siku ile nilipiga thelathini na kitu. Zilizopona nne.

Sasa tupige hesabu kidogo. 85mm kwenye kamera ya fulu fremu (sensa yake ni kubwa kama filamu ya 35mm), f/1.4, mtu yuko mita 1.5 kutoka kwako: sehemu itakayotoka kali, yaani kina cha fokasi, ni kama sentimita 2.6, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukisogea mpaka mita 1, inabaki sentimita moja na ushei. Chukua rula upime kutoka kope zako mpaka sikioni, halafu urudi hapa. Mtu akicheka tu akaegemea mbele, ameshatoka nje ya fokasi, na wewe uliyeshika kamera nawe unayumba bila kujijua.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa kuyumba. Lilikuwa ule mtindo wa kuweka nukta ya fokasi ya katikati kwenye jicho, kubonyeza shata nusu ili fokasi ifungwe, kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Ukigeuza digrii 10 hivi ukiwa mita 1.5, ule ubapa wa fokasi unageuka pamoja na kamera, na jicho linajikuta mbele yake kwa kama sentimita 2.3. Ulicho nacho ni kama 1.3 kila upande. Ndiyo maana ukali unaangukia nyuma ya jicho, upande wa sikio, tena karibu kila mara, mpaka unaapa lenzi ina kasoro. Kwa ile zumu inayokuja na kamera, 50mm na f/5.6, kina ni sentimita 20 na zaidi, kwa hiyo kosa lilelile linamezwa na hulijui. Mimi nilitembea nalo miaka.

Dawa ni kuhamisha nukta yenyewe mpaka kwenye jicho lililo karibu na kamera, au kuwasha utambuzi wa jicho kama kamera yako inao, na kuacha fokasi iendelee kufuata badala ya kuifunga. Kisha piga tatu tatu. Ukiwa na kamera ya kioo cha ndani, ile ya zamani (DSLR), kweli inawezekana fokasi ikawa inaangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Iweke kwenye tripodi, lenga rula iliyolazwa mshazari, utaona. Hizi zisizo na kioo zinapima fokasi kwenye sensa yenyewe, tatizo hilo ni nadra.

Halafu kuna jambo ambalo wengi tunalifanya kinyume. Tunafungua lenzi mpaka mwisho tunapokuwa karibu na uso, tukienda mbali tunaibana, yaani tunapunguza tundu (namba ya f inakuwa kubwa). Geuza. Karibu, bana mpaka f/2.8: pale mita 1.5 unapata sentimita 5 na kitu, macho yote mawili yanaingia hata uso ukiwa umegeuka kidogo, na nyuma bado kunayeyuka vizuri tu. Mbali, fungua: mita 5 kwa f/1.4 una kama sentimita 29, mtu aliyesimama anaingia, na hapo ndipo lenzi ya namna hii inapojilipa, kwa sababu zumu ya kawaida haikupi mtu wa kimo kizima aliyebanduka kwenye mandhari namna ile.

Na huo ukungu wa nyuma usiudai kwenye tundu la lenzi peke yake. Mtu aliyeegemea ukuta atatoka na ukuta wake hata ukimpiga kwa f/1.2. Mvute mbele hatua nne au tano, ukuta wenyewe unalainika bila kugusa kitu kwenye kamera. Siku hizi hilo ndilo la kwanza kufanya, hata kabla ya kutoa kifuniko cha lenzi.

Jua la mchana nalo lina yake. ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga) kwa f/16 unapiga 1/100 ya sekunde; ukifungua mpaka f/1.4 ni hatua saba, kila moja ikiongeza mwanga maradufu, yaani unahitaji kama 1/12800. Kamera nyingi shata yake ya kawaida inaishia 1/4000 au 1/8000. Vaa filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inakula hatua tatu, unarudi 1/1600. Au ingia kivulini, ambako sura inapendeza zaidi hata hivyo. Zile kingo za zambarau na kijani kwenye nywele na miwani zinapungua ukibana kidogo; sizihangaikii sana.

Kuhusu ile lenzi yako nyingine, 50mm ya f/1.8, uliyogusia kwamba unataka kuiuza, baki nayo. Usisogee nayo mpaka usoni tu, maana pua inavimba. Hiyo ni kazi ya umbali, lenzi haina kosa. Kaa mita 1.5, kina chako ni karibu sentimita 10, unajifunza bila kuadhibiwa kila unapokohoa.

Shangazi nilimpiga tena wiki mbili baadaye, dirisha lilelile, f/2.8, nukta juu ya jicho. Kila ukope upo. Nikamchapishia zote mbili achague. Iliyoko ukutani kwake ni ile ya kwanza, anasema hereni zimetoka vizuri.