Ukitaka ubalozi, anza na lugha ya jirani

Vijana wanaoniandikia kuhusu kazi ya ubalozi karibu wote huuliza jambo moja: nisome shahada gani? Wengi huwa wameshajijibu wenyewe kuwa ni uhusiano wa kimataifa, sheria au sayansi ya siasa. Nikiwatajia shahada ya lugha na fasihi ya kigeni, wananiambia hiyo ni njia ya walimu na watafsiri. Nimesoma Poland, nikajifunza Kipolandi na baadaye Kicheki, na ukalimani ndio unaoniweka mjini. Kwa hiyo naomba nikusimulie habari za Jacek Baluch, mwalimu wa Kicheki kutoka Poland aliyekuja kuwa balozi, kisha nikueleze kwa nini nakusihi uifikirie upya shahada hiyo.

Baluch alizaliwa Kraków mwaka 1940. Alisomea lugha za Kislavi, yaani ukoo wa Kipolandi, Kicheki, Kirusi na ndugu zao, katika Chuo Kikuu cha Jagiellonian, akabobea katika Kicheki, akabaki chuoni akifundisha na kutafsiri mashairi ya Kicheki kwa Kipolandi. Katika Poland ya wakati ule, lugha iliyokuwa na faida kwa mwenye kutafuta cheo serikalini ilikuwa Kirusi. Watoto walikisoma shuleni kwa lazima. Kicheki kilikuwa lugha ya jirani tu. Aliyekichagua alikichagua kwa sababu alikipenda. Desemba 1981 serikali ya kikomunisti ilipotangaza utawala wa kijeshi, Baluch, aliyekuwa upande wa Solidarność, chama cha wafanyakazi kilichoipinga serikali hiyo, aliwekwa kizuizini. Kwa hesabu za siku zile, mtu kama huyo hakuwa na lolote la kutarajia kutoka Wizara ya Mambo ya Nje.

Ikaja 1989. Septemba Tadeusz Mazowiecki, mtu wa Solidarność, akawa waziri mkuu na kuunda serikali, na Krzysztof Skubiszewski, profesa wa sheria ya kimataifa, akawa waziri wa mambo ya nje. Alihitaji mabalozi ambao hawakuwa wamelelewa na chama cha kikomunisti. Huko Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, Václav Havel, mwandishi wa tamthilia ambaye mapema mwaka huo huo alikuwa gerezani, akaapishwa kuwa rais tarehe 29 Desemba. Basi mwaka 1990 Poland ikampeleka Prague mwalimu wa Kicheki. Baluch alikaa huko hadi 1995.

Nimeutafakari sana uteuzi huo, na naamini haukuwa zawadi kwa mpinzani aliyeteseka. Wengi wa walioingia madarakani Prague walikuwa waandishi, watafsiri na wanafalsafa ambao kwa miaka mingi kazi zao zilipigwa marufuku. Kwa watu hao, mgeni aliyewahi kuishughulikia fasihi yao pale ambapo kufanya hivyo hakukumletea faida yoyote, tayari alikuwa amejitambulisha kabla hajakabidhi hati zake za utambulisho. Urafiki wa aina hiyo haupatikani kwa kozi ya miezi sita.

Tena kati ya nchi hizo mbili kulikuwa na vidonda. Mwaka 1938 Poland ililichukua eneo la mpakani la Zaolzie kutoka Chekoslovakia. Agosti 1968 majeshi ya Poland yaliingia Chekoslovakia pamoja na ya Umoja wa Kisovieti na washirika wengine. Upande wa pili, mwaka 1978 wapinzani wa nchi zote mbili walikutana kwa siri milimani mpakani, Havel akiwa mmoja wao. Balozi asiyeyajua haya atakaa mezani na watu asijue kwa nini wamenyamaza ghafla. Na huwezi kuyajua kwa kusoma muhtasari ulioandaliwa na ofisi. Unayajua kwa kusoma magazeti yao, mashairi yao na barua zao, kwa lugha yao.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Februari 1991 Poland, Chekoslovakia na Hungaria zilitia saini azimio la ushirikiano huko Visegrád, mji wa Hungaria. Kisha Januari 1993 Chekoslovakia ikagawanyika. Ubalozi wa Poland uko katika kasri la Fürstenberg, chini ya ngome ya Prague, na Baluch alijikuta katika jengo lile lile, mji ule ule, akiwakilisha nchi yake kwa dola nyingine, Jamhuri ya Czech. Mikataba huandikwa upya na wizara hubadilika majina, lakini lugha aliyokuja nayo ilibaki na thamani yake.

Sasa nije kwako.

Chagua lugha moja na ukae nayo. Lugha za Kislavi zinashawishi, kwa sababu ukishajua Kipolandi, unasikia nusu ya Kislovakia bila kufundishwa, na Kiukraine kinaanza kukuita. Nimewaona wanafunzi wakikusanya lugha nne za ukoo huo na kushindwa kuandika barua rasmi hata kwa moja. Ukaribu huo una hatari zake: neno la Kipolandi lenye heshima linaweza kuwa tusi kwa Kicheki. Ukifanya kazi ya kumsemea mtu mwingine, "karibu sawa" haitoshi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtaji ambao walimu wengi wa Ulaya hawaujui. Mzungumzaji wa Kiingereza huteseka kuelewa kwa nini kivumishi na kitenzi vifuate jinsia ya nomino. Kwetu upatanisho wa ngeli tumeunyonya utotoni, kwa hiyo jinsia tatu za Kicheki hazitushtui. Kinachotutoa jasho ni zile hali saba za nomino, yaani jinsi nomino inavyobadilika umbo kufuata kazi yake katika sentensi, na zile jozi za vitenzi zinazotofautisha tendo lililokamilika na lisilokamilika. Hizo hazina njia ya mkato. Soma kwa sauti kila siku, nakili sentensi nzima, usikariri majedwali peke yake.

Fanya ukalimani mapema, hata wa kujitolea. Msindikize mwanafunzi mgeni hospitalini, mfanyabiashara kwenye ofisi ya forodha, kikundi cha kanisa kinachotembelea parokia. Kazi hii ilinifundisha nidhamu ambayo sikuipata darasani: kusema alichosema mtu, si ulichotamani aseme. Mara nyingi nimeona mkalimani akilainisha jibu kali ili kikao kiishe vizuri, na pande zote mbili zikaondoka na makubaliano ambayo hayapo. Balozi naye hutuma taarifa nyumbani. Akianza kulainisha, wakubwa wake wataamua mambo kwa taarifa zilizotiwa sukari.

Nisikufiche upande wa siasa. Balozi huteuliwa, na uteuzi hufuata upepo wa serikali. Baluch aliinuliwa na mageuzi ambayo hakuna aliyeweza kuyapangia tarehe. Wengi wa waliosoma naye walibaki walimu na watafsiri, na walifanya kazi njema. Ukisoma lugha kwa sababu ya cheo tu, cheo kisipokuja utabaki na uchungu. Ukiisoma kwa mapenzi, maisha yako ya kazi yana pa kusimama.

Mwisho, usidhani nakutuma Prague. Jirani zetu ni nani? Msumbiji wanazungumza Kireno, Ethiopia wana Kiamhari, Burundi na Kongo shughuli za serikali zinaandikwa kwa Kifaransa. Ni Watanzania wangapi unaowajua wanaoweza kusoma gazeti la Maputo, au Wakenya wanaoweza kusoma la Addis Ababa? Mpoland Rajmund Ohly alikijua Kiswahili kiasi cha kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Warsaw kinafundisha Kiswahili hadi leo. Wao walivuka bara zima kuja kujifunza lugha yetu. Sisi kuvuka Ruvuma kunatushinda?

Kama uko kidato cha tano au mwaka wa kwanza chuoni, nenda kamuulize mkuu wa idara ya lugha za kigeni ni lugha ipi ya jirani inayofundishwa na bado ina viti vitupu darasani. Jiandikishe hiyo, na muhula huu huu anza kutafsiri habari moja ya gazeti kila wiki, umpe mwalimu aisahihishe.