Sinema za Kale: Wasomaji Wauliza

SWALI: Salaam aleikum. Barazani kwetu Langoni, Lamu, tuko wanane na twataka kupanga waongozaji kumi bora wa zamani. Kila tukianza, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, na Hitchcock hutoka wa kwanza kwa kuwa hakuna asiyemjua. Tupigeje kura?

JIBU: Waaleikum salaam. Kelele ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni hesabu. Mkigawa pointi, 10 kwa wa kwanza hadi 1 kwa wa mwisho, kisha mkajumlisha, mtakuwa mmepima umaarufu. Tuseme nyote wanane mmemwona Hitchcock na kila mmoja kampa 6: jumla 48. Satyajit Ray kaonwa na wanne tu, nao wakampa 9 kila mmoja: jumla 36. Hitchcock kashinda, ilhali kila aliyewaona wote wawili kamweka Ray juu! Wastani nao una hila yake: atatokea mmoja mwenye kipenzi chake asiyejulikana na wengine, atampa 10, na huyo atakuwa bingwa kwa kura moja.

Kwa hiyo anzeni na karatasi. Kila mtu aandike orodha yake kabla mjadala haujafunguliwa, maana msemaji wa kwanza huwavuta wenzake. Aandike wale tu ambao ameona filamu zao tatu, tena nzima, si vipande vya simuni. Asiyeandikwa na watu wanne kati yenu aachwe hadi msimu mwingine. Kisha washindanisheni wawili wawili, mkihesabu karatasi zile tu zenye majina yote mawili. Aliyewekwa juu na wengi apate alama 1. Sare ni nusu kwa nusu, na jozi isiyo na shahidi hata mmoja pia ni sare. Waongozaji kumi wanatoa jozi 45, lakini msitishike: hakuna kuinua mikono mara 45. Mmoja asome karatasi, mwenzake ajaze jedwali. Dele moja la kahawa linatosha.

Huenda mkakuta duara: John Ford kamshinda Hitchcock, Hitchcock kamshinda Raj Kapoor, Raj Kapoor naye kamshinda Ford. Mhesabuji hana kosa. Mfaransa Condorcet alilieleza jambo hili tangu 1785. Futeni ushindi mwembamba kuliko yote katika duara hilo, mpango utanyooka.

Na mtenganisheni mwongozaji na nyota wake. Anayempa Mehboob Khan kura kwa ajili ya uso wa Nargis katika Mother India (1957) amempigia Nargis. Mwambieni ataje picha moja: kamera ilikaa wapi, na kingepotea nini lau ingekaa kwingine? Akinyamaza, karatasi yake ingoje.

SWALI: Hapa Malindi mimi na kaka yangu hatusikilizani. Yeye ni Kurosawa tu, mimi ni Satyajit Ray. Tuamulie.

JIBU: Dada, kaka yako ana hoja nzito. Vita vya mwisho katika Seven Samurai (1954) vilipigwa picha kwa kamera kadhaa kwa pamoja, hivyo waigizaji hawakusimamishwa kila pembe ilipobadilika. Lenzi ndefu, ile ivutayo vya mbali karibu, inaziminya mvua, matope na farasi hadi mtazamaji anahisi hana pa kukimbilia. Na asiyependa panga atazame Ikiru (1952), aone Kurosawa anavyoweza kutulia.

Lakini nampa Ray, kwa nywele moja. Mtazame Charulata (1964). Mke aliyechoshwa na nyumba kubwa ashika darubini ndogo, anakwenda dirisha hadi dirisha akiwatazama wapita njia. Mumewe anapita varandani akisoma kitabu, hata hamwoni. Naye amwinulia darubini ile ile, amtazame mumewe kama mpita njia wa mbali. Ndoa nzima imeelezwa, na hakuna neno lililosemwa. Miaka minane kabla, katika Aparajito (1956), mpigapicha wake Subrata Mitra alitandaza kitambaa cheupe juu ya seti na kuurudisha mwanga wa taa chini kutoka humo, ukapatikana mwanga mpole usio na vivuli vikali, kama ule unaoshuka kiwandani, yaani uani, mwa nyumba za mawe za Lamu. Ubunifu huo ulitoka kwenye kundi lisilo na fedha, na ndiyo sababu nywele yangu inaelemea huko.

SWALI: Hiyo Seven Samurai tumeitazama runingani, Malindi. Watu wanene, mwendo kama tamthilia ya jioni. Ndivyo ilivyo?

JIBU: Sivyo. Picha yake ni karibu mraba. Runinga imeivuta ijaze kioo kipana. Rudisha ukubwa wa picha kwenye 4:3 na uache milia myeusi pembeni. Mwendo ule wa tamthilia unatoka kwenye runinga kubuni picha za kujaza nafasi kati ya zile 24 za kila sekunde. Zima ulainishaji huo katika mipangilio ya picha, au chagua hali ya sinema. Kisha angalia saa: filamu kamili ni dakika 207. Diski ya mfumo wa picha 25 kwa sekunde itakuonyesha kama 199 kwa kuwa inakwenda kasi kidogo, na hapo hakuna kilichokatwa. Ikipungua nusu saa, imekatwa, msiibishanie.

SWALI: Kweli Hitchcock hakupata Oscar ya uongozaji? (Msomaji, Shela)

JIBU: Kweli. Aliteuliwa mara tano, akatoka mikono mitupu. Filamu yake Rebecca (1940) ilishinda tuzo ya filamu bora, lakini tuzo hiyo ni ya mtayarishaji. John Ford anazo nne.

SWALI: Waafrika wako wapi katika orodha hizi?

JIBU: Hawajatazamwa, basi. Anzeni na Cairo Station (1958) ya Youssef Chahine, ambamo yeye mwenyewe anaigiza muuza magazeti kiwete, kisha Mandabi (1968) ya Ousmane Sembène, iliyozungumzwa Kiwolofu. Djibril Diop Mambéty wa Touki Bouki (1973) atawasumbua kwa kanuni ya filamu tatu, maana aliacha filamu ndefu mbili tu. Zihesabuni na fupi zake. Hapo kanuni ilegezwe.