Maswali na majibu: logi za Python (kumbukumbu ambazo programu hujiandikia kuhusu yanayotokea)

Nimeandika logging.info("Malipo yamepokelewa") lakini sioni kitu.

Ni kiwango tu, yaani uzito wa ujumbe. Usipogusa chochote, Python huanzia WARNING, yenye thamani 30. INFO ni 20, kwa hiyo inatupwa kimyakimya. Weka logging.basicConfig(level=logging.INFO) mwanzoni kabisa mwa programu. Nasisitiza mwanzoni, maana maktaba nyingine (msimbo wa wengine unaoutumia) ikikutangulia kusanidi logi, basicConfig haifanyi kitu wala hailalamiki. Kuanzia Python 3.8 unaweza kuongeza force=True, ikafagia usanidi uliokuwepo.

Nimefuta faili la logi la GB 18, lakini df (amri ya kuangalia nafasi ya diski) bado inasema diski imejaa. Nimerogwa?

Hujarogwa, ndugu yangu. Ulichofuta ni jina. Programu bado imelishikilia faili lenyewe, na Linux hairudishi nafasi mpaka iliachie. Endesha lsof +L1, amri inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa ila bado yameshikiliwa, utaliona limejificha humo. Washa programu upya, nafasi itarudi. Siku nyingine tumia truncate -s 0 app.log, faili litabaki mahali pake likiwa tupu.

Dawa hasa ni RotatingFileHandler, kifaa cha Python kinachozungusha mafaili ya logi, kwa mfano maxBytes=10_000_000 (ukomo wa ukubwa, kwa baiti) na backupCount=5 (idadi ya mafaili ya zamani yanayobakizwa). Faili likikaribia ukubwa huo linageuzwa jina kuwa app.log.1, na jipya linaanza. Wengi huweka maxBytes wakasahau backupCount. Ikibaki sifuri hakuna mzunguko wowote, faili linazidi kunenepa, na mwenye nalo anaamini amejikinga.

Mteja anasema malipo yalikwama saa mbili na nusu asubuhi. Natafuta 08:30 kwenye logi, hakuna kosa.

Tafuta 05:30. Seva nyingi za kukodi hukaa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu wa Afrika Mashariki. Ziache hivyo hivyo, ila ongeza %z kwenye datefmt (muundo wa tarehe na saa wa logi) ili kila mstari uonyeshe +0000. (Na anayepokea simu za wateja asije akaandika 02:30!)

Si rahisi zaidi nikiandika ombi lote la mteja kwenye logi?

Ni rahisi, hadi siku PIN itakapoingia humo. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadili nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa ikiziandika wazi kwenye logi ya ndani. Andika namba ya muamala, kiasi na matokeo. Ya simu, bakiza tarakimu tatu za mwisho.

Ndani ya except (sehemu ya msimbo inayodaka makosa) natumia print(e). Inatosha?

Haitoshi. Kosa likiwa KeyError, yaani ufunguo uliotafutwa haupo, print(e) itakupa 'simu', basi, neno moja lisilosema limetoka wapi. Andika logger.exception("Muamala %s umeshindikana", namba) upate mlolongo wote wa miito hadi mstari uliokwama.