Talaka Imetoka Leeds, Harusi Iko Nairobi

SWALI: Hujambo wakili? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm. Mwaka 2011 mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya kiserikali pale Sheria House. Baadaye alienda Leeds kusoma, akapata kazi, akapata na uraia wa kule. Mapenzi yakaishia kwenye simu. Mwaka 2023 aliomba talaka huko huko Uingereza. Mahakama iliniandikia barua pepe, nikajibu kwamba sina pingamizi, na mwishowe nikatumiwa hati kwa PDF. Sasa nimepata mtu. Tulipoenda kutoa notisi ya ndoa tuliambiwa hati ya nje pekee haitoshi, nilete amri ya korti ya Kenya. Shangazi yangu anasema ndoa iliyofungwa Kenya huvunjwa Kenya, kwa hivyo nianze kesi ya talaka upya. Binamu yangu anasema niende kwa kamishna wa viapo niape kwamba sijawahi kuolewa, mambo yaishe. Halafu kuna ploti Kitengela, iko kwa jina la mume. Nishike lipi? – Mama Wawili, Donholm.

JIBU: Dada yangu, tuanze na binamu, maana ushauri wake ndio utakaokufikisha pabaya upesi. Kuapa kwamba hujawahi kuolewa ilhali uliolewa ni kiapo cha uongo, na hilo ni kosa la jinai. Isitoshe, kiapo hicho unampelekea nani? Msajili wa Ndoa, yule yule aliye na rejista uliyotia sahihi 2011. Ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja mume mmoja, na kuoa au kuolewa tena ndoa kama hiyo ikiwa hai kuna adhabu ya hadi miaka 5 jela. Wewe una talaka halali mkononi. Ya nini kujitafutia hadithi ya kujitetea? Kwenye fomu yoyote utakayojaza, wewe ni mtalikiwa. Andika hivyo hivyo.

Shangazi namheshimu, na wengi wanaamini kama yeye, lakini sheria haiko upande wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema amri ya talaka iliyotolewa na mahakama ya nje itatambuliwa Kenya, iwe ndoa ilifungwa hapa au kwingineko, mradi masharti fulani yatimie. Ukifungua kesi mpya ya talaka Milimani, utakuwa unaiomba mahakama ivunje kitu ambacho Uingereza kimeshavunjwa, na swali lake la kwanza litakuwa: hii hati ya Leeds ni ya nini? Unachohitaji ni ombi la kutambuliwa kwa talaka uliyo nayo. Hakuna atakayekuuliza nani alimkosea nani.

Kabla hujalipa wakili yeyote hata shilingi, fungua ile PDF uisome kichwa chake. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, mahakama za Uingereza hutoa amri mbili katika kesi moja ya talaka. Ya kwanza huandikwa Conditional Order. Hiyo husema tu kwamba mahakama haioni sababu ya kukataa talaka. Bado wewe ni mke wa mtu. Ya pili, ambayo haiwezi kuombwa kabla ya wiki 6 na siku 1 kupita, huandikwa Final Order, na hiyo ndiyo inayovunja ndoa. Kesi zilizofunguliwa kabla ya tarehe hiyo huishia na karatasi inayoitwa Decree Absolute. Nimewahi kuketi na mteja aliyekuwa ameshalipia ukumbi, keki na gari, na alichokuwa nacho kwenye bahasha ni ile ya kwanza. Kama yako ni ya kwanza, acha kila kitu umwambie mzee wa Leeds amalizie alichoanza.

Ikiwa ni ya mwisho, twende kwenye sharti ambalo kesi nyingi za aina hii huegemea: makao. Sheria yetu inauliza kama mmoja wenu ana makao ya kudumu katika nchi ambayo mahakama yake ilitoa talaka. Makao ya kudumu hapa si chumba cha kupanga. Mtu anaweza kufanya kazi Doha miaka kumi na makao yake kisheria yakabaki Machakos, kwa sababu nia yake siku zote ni kurudi. Mumeo alikwenda kama mwanafunzi, na mwanafunzi pekee asingetosha. Lakini ameajiriwa, amechukua uraia, amebaki. Hilo linakusaidia sana, basi lithibitishe kwa karatasi. Tafuta nakala ya maombi yake ya talaka, ile uliyotumiwa na mahakama pamoja na barua pepe ya kwanza. Ndani yake alilazimika kueleza kwa nini mahakama za Uingereza zina mamlaka juu ya kesi yake, na mara nyingi jibu la makao liko hapo hapo. Sheria inataja pia hali ya mhusika aliyekuwa akiishi Kenya kwa miaka 2 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa, kwa hivyo wakili wako aeleze na maisha yako ya Donholm.

Na ile barua pepe uliyojibu, usiifute! Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu mahakama zetu kukataa hukumu ya nje iliyopatikana kwa ulaghai, au ambapo upande mmoja haukupewa nafasi ya kusikizwa. Jibu lako la «sina pingamizi», lenye tarehe, linafunga mlango huo.

Ombi lenyewe hupelekwa Mahakama Kuu, Kitengo cha Familia, Milimani, kupitia mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao uliopo Nairobi tangu Julai 2020. Linaambatana na hati yako ya kiapo, cheti cha ndoa cha 2011, na amri ya mwisho. PDF uliyoforwadi kutoka kwenye simu ni dhaifu. Omba mahakama ya kule nakala iliyothibitishwa, kwa kutumia nambari ya kesi iliyo juu ya amri. Mumeo ndiye mjibu maombi, na kwa kuwa yuko nje ya nchi, ruhusa ya korti huhitajika ili kumfikishia karatasi. Usiogope hapo: tangu 2020 kanuni zinakubali barua pepe na hata ujumbe wa WhatsApp. Mimi hupenda kumjumuisha Msajili wa Ndoa pia, ili amri ikitoka asiseme haimhusu. Mume akiandika kwamba hapingi, mara nyingi jaji huamua kwa kusoma karatasi tu, na kesi ikitajwa unaweza kuifuata kwenye simu ukiwa kazini.

Sasa Kitengela. Utambuzi wa talaka hauhamishi ploti. Hata kama amri ya Uingereza ingesema ardhi ni yako, ofisi ya ardhi ya Kajiado haipokei maagizo kutoka Leeds. Hilo ni ombi la pembeni chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na usitarajie nusu kwa nusu ya moja kwa moja: Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja hupata kulingana na mchango wake. Habari njema ni kwamba kulea watoto na kutunza nyumba vinahesabiwa kama mchango. Kama ulituma pesa za ploti, tafuta jumbe za M-Pesa na risiti za muuzaji. Na kwa kuwa jina ni lake peke yake, andikisha pingamizi (caution, yaani onyo kwamba una maslahi kwenye ploti hiyo) kwenye rejista ya ardhi wiki hii, kabla hata ya ombi la kutambuliwa kwa talaka. Harusi inaweza kungoja. Mnunuzi wa ploti hangoji.

SWALI: Wakili, mimi nilipewa talaka Ujerumani na hati yote iko kwa Kijerumani. Nakijua vizuri. Naweza kuitafsiri mwenyewe niokoe pesa? – Baba Kevo, Kasarani.

JIBU: Hapana, Baba Kevo. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na tafsiri ya mtu mwenye maslahi katika kesi haitaaminika hata ikiwa sahihi. Tafuta mfasiri aliyeapishwa, aweke sahihi na muhuri wake. Ila ukimpelekea, hakikisha hati ina mhuri wenye neno rechtskräftig na tarehe yake, unaoonyesha kwamba hukumu imekamilika na haiwezi tena kukatiwa rufaa. Usipouona, iandikie mahakama iliyokutaliki ikupe nakala yenye mhuri huo kabla hujamlipa mfasiri.